Nikikanyaga breki dashibodi inawaka: AE100 stesheni, taa za nyuma zimenishinda

Mwalimu wa Soni

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijatoa laki tatu na nusu ambayo sina.

Gari ni Corolla AE100 stesheni ya 1996, injini 5A, nilinunua kwa shemeji yangu Tanga mwaka juzi. Injini haina neno, inapanda kutoka Mombo hadi Lushoto na mzigo bila kulalamika. Tatizo ni taa, hasa za nyuma, na lina kama miezi miwili sasa. Naeleza ninavyoliona, maana jina lake silijui.

Mchana, taa zote zimezimwa, nikikanyaga breki dashibodi inawaka. Sisemi taa za onyo, nasema zile zinazomulika spidomita usiku. Aliyegundua ni mwanangu: "Baba, mbona ukikanyaga chini kunawaka juu?" Nikashuka, nikamkalisha akanyage yeye. Taa ya namba inawaka, zile ndogo za mbele nazo zinawaka. Breki tu hiyo, swichi haijaguswa.

Usiku ndiyo vituko. Nikiwasha taa, nyuma kulia kunawaka kwa nguvu muda wote kama nimekanyaga breki. Kushoto kuna wekundu hafifu, kaa la moto linalokaribia kuzimika. Nikikanyaga breki hakibadiliki kitu, si kulia si kushoto. Halafu indiketa ya kushoto inajimulika kwa mbali bila kuwashwa, na nikiiwasha, ile taa nyekundu inapepesa pamoja nayo. Dereva mmoja wa Coaster alinifuata kutoka Mombo, tulipofika Soni akateremka kuniuliza kama mguu umenifia ganzi juu ya breki. Barabara ile mnaijua, kona juu ya kona, na ukungu ukishuka mtu wa nyuma anaongozwa na taa zako tu.

La tatu, fyuzi iliyoandikwa TAIL imekatika mara tatu ndani ya wiki mbili. Ikikatika, taa za nyuma na za dashibodi zote kwishney. Nikiweka nyingine inakaa siku kadhaa, inakatika tena.

Nimebadilisha globu zote za nyuma, tena zaidi ya mara moja. Fundi wa hapa amezunguka gari mara mbili, akasema waya zote zimekufa, tufumue kuanzia dashibodi hadi nyuma, 350,000 kazi na vifaa. Hakupima kitu. Na trafiki wa njiani ameshaniandikia 30,000 moja, ya pili alinisamehe kwa kuwa nilimfundisha mdogo wake.

Kweli waya zote zinaweza kufa kwa pamoja?

Kijana wa Ilala

Mkuu, gari la 1996 uza, chukua Toyota IST. Tatizo limekwisha.

Mwalimu wa Soni

Ndugu yangu, ukininunulia hiyo IST mimi nitaiuza hii leo leo.

Bondeni DX

Mwalimu, pole sana. Mie niko Mombasa, naendesha Corolla DX ya zamani kuliko hiyo yako, na chumvi ya bahari imenifunza mambo. Huo upande wa kushoto nakwambia bila kuliona gari: ethi imekufa, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Taa inapata moto, yaani umeme, vizuri, ila moto haupati njia ya kurudi kwenye bodi. Sasa unafanyaje? Unapita popote penye upenyo, hata kwenye globu ya indiketa, utokee mbele. Ndiyo maana indiketa inamulika na hukuiwasha.

Jaribu hivi, ni dakika tano. Chukua waya mrefu, toa ganda ncha zote mbili. Ncha moja ifunge kwenye hasi ya betri, nyingine igusishe chuma cha holda, kile kikombe kinachoshika globu ya kushoto, taa zikiwa zinawaka. Ikiruka ghafula ikawa nyeupe na indiketa ikanyamaza, umeshapata jibu. Usifumue waya hata mmoja.

Hilo la dashibodi kuwaka sijalipata. Wenye ujuzi watasema.

Taa Kali

Toeni hizo globu za zamani wekeni LED nyuma yote. Zinakula umeme kidogo, haziungui ovyo. Mimi nimeweka na mambo safi, ila indiketa zinapepesa mbio kama zina homa, nimezoea.

Rewaya Mstaafu

Nimeona uzi huu jana usiku nikashindwa kulala, nikasema niandike asubuhi. Nimefanya rewaya za magari, kazi ya kufumua na kusuka upya waya za umeme, tangu 1983, nimeacha kwa ajili ya macho, si kwa ajili ya kazi.

Mwalimu, waya hazifi kwa pamoja. Una magonjwa matatu yaliyokutana kwenye gari moja. Ukiyachanganya utaona maajabu, na fundi atakayeona maajabu atakwambia fumua yote. Tuyatenganishe.

La kwanza, dashibodi kuwaka kwa breki. Hili nimelikuta labda mara mia, na ni globu. Najua umesema umebadilisha, na hapo ndipo penyewe. Taa ya nyuma yenye kazi mbili hutumia globu ya nyuzi mbili, 21/5: uzi wa wati 5 ni wa taa ya usiku, wa wati 21 ni wa breki. Igeuze uitazame kitako, utaona vidoto viwili vya risasi. Vile vipini viwili vya ubavuni haviko usawa, kimoja kiko juu kidogo kuliko mwenzake, makusudi, ili usiiweke kinyume. Globu ya indiketa ina doto moja tu, katikati, na vipini vyake viko usawa.

Sasa duka limekuuzia ya doto moja au umechanganya mwenyewe, ukaiona haiingii, ukailazimisha. Wengi hufanya hivyo. Ikishaingia kwa nguvu, lile doto moja pana linagusa miguu yote miwili ya holda. Hapo umeunganisha waya wa breki na waya wa taa za usiku. Ukikanyaga breki, moto unavuka kwenye globu, unaingia kwenye waya wa taa za usiku, na waya huo ndio unaolisha taa ya namba, taa ndogo za mbele na dashibodi. Zote zinawaka. Usiku ni kinyume chake: ukiwasha taa, moto unavuka kwenda upande wa breki, breki zinawaka muda wote. Yule wa Coaster aliona sawasawa.

Umesema kulia ndiko kunakowaka kwa nguvu, kwa hiyo anza na ya kulia. Itoe, halafu kanyaga breki mchana. Dashibodi ikinyamaza, usitafute zaidi.

La pili, kushoto. Bwana wa Mombasa amesema kweli tupu, namuunga mkono. Naongeza vipimo tu, kama una multimita, kile kipima umeme, au unaweza kuazima maabara ya fizikia hapo shuleni. Iweke kwenye volti 20 za DC. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, ncha nyekundu kwenye chuma cha holda, taa zikiwaka na breki imekanyagwa. Ethi nzima itakuonyesha sifuri nukta kitu, 0.1 au 0.2. Ukiona volti mbili, tatu, tano, hizo zote ni volti zinazopotelea njiani wakati wa kurudi. Kupima taa zikiwa zimezimwa hakukuambii lolote, maana waya unaoning'inia kwa uzi mmoja unapima vizuri mpaka uubebeshe mzigo. Vijana wengi hukosea hapo.

Kwenye Toyota za miaka ile waya wa ethi ni mweupe wenye mstari mweusi. Ufuate kutoka kwenye taa mpaka uone bolti inayoufunga kwenye bodi. Toa, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena, paka mafuta ya mgando juu. Nakuuliza: ubavu wa kushoto nyuma uliwahi kugongwa ukanyooshwa na kupigwa rangi?

La tatu, fyuzi. Hebu tufanye hesabu, wewe ni mwalimu. Taa mbili za nyuma wati 5 kila moja, mbili ndogo za mbele wati 5 kila moja, namba na dashibodi weka jumla wati 20, tusibanane. Wati 40. Gawa kwa volti 12, ni kama ampea 3 na ushee. Hata ukiongeza hizo breki zinazowaka bure kwa ajili ya ile globu, ni ampea 7 au 8. Fyuzi hiyo ni ya 15. Haiwezi kukatwa na globu. Inakatwa na waya uliovuliwa ganda ukagusa bodi, shoti, tena shoti ya kuja na kuondoka kwa kuwa fyuzi mpya inakaa siku kadhaa. Waya unaokuja na kuondoka ni waya unaopinda. Sasa niambie, ilikatika siku gani hizo mara tatu, na ulikuwa unafanya nini?

Na tafadhali, usiweke fyuzi ya 30 wala karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi ikikataa kukatika, kitakachokatika ni waya ndani ya zulia, na moshi utauona ukiwa kwenye kona.

Ndugu wa LED: indiketa zako zina mbio kwa sababu flasha ya zamani, kile kifaa kinachozipepesesha, inapima mzigo. Ikiona mzigo mdogo inadhani globu moja imeungua, inakuonya. Mwalimu asiweke LED kabla hajatibu ethi, ataongeza giza juu ya giza.

Mwalimu wa Soni

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, nikasema hii ingekuwa sura kwenye kitabu cha kidato cha tatu watoto wangeelewa saketi.

Kwanza nakiri. Nimetoka sasa hivi na tochi. Globu ya kulia ina doto MOJA. Kipini kimoja kimepindishwa na holda imechubuka. Niliiweka mwenyewe, kwa koleo, jioni, mvua inanyesha, nikiwa na hasira. Duka waliniambia "hizi zote zinaingia". Nimeitoa, mwanangu akakanyaga breki, dashibodi kimya. Nikamwambia akanyage tena. Kimya. Amecheka sana huyu mtoto.

Swali la rangi: ndiyo. Shemeji aligongwa na bajaji Tanga, ubavu wa kushoto ukanyooshwa. Rangi ile inaonekana hata kwenye picha.

Kuhusu fyuzi, sikuwahi kufikiri siku. Mke wangu hupeleka kabichi na karoti Mombo, tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Mara zote tatu zilikuwa siku za mzigo. Lakini mzigo hauko mwingi, magunia matatu manne. Inawezekana uzito unabana waya chini?

Rewaya Mstaafu

Marahaba mwalimu. Uzito hauna kosa. Saa kumi na moja ni giza, kwa hiyo taa umeziwasha. Halafu mnapakia. Mnapakia kupitia wapi?

Bondeni DX

Heh. Mlango wa nyuma!

Rewaya Mstaafu

Ndugu wa Mombasa kanipokonya. Haya. Stesheni ina mlango wa nyuma unaoinuka, na taa ya namba iko juu ya mlango huo. Waya zake zinatoka kwenye bodi zinaingia mlangoni kwa kupitia mpira mweusi wenye mikunjo, karibu na bawaba, juu. Kila ukifungua zinapinda, kila ukifunga zinapinda, miaka karibu thelathini sasa. Ganda linapasuka, shaba inabaki wazi. Ukiinua mlango na taa zinawaka, shaba inagusa chuma, fyuzi inakwenda. Ukifunga, inaachia. Ndiyo maana ukiweka nyingine inakaa.

Vuta ule mpira taratibu kutoka kwenye tundu lake, utaziona. Usizifunge tepu tu uziache hapo hapo kwenye pindo, zitakatika tena kabla ya mavuno mengine. Kata kipande kibovu, unga kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, kirefu kiasi, ili maungio yawe nje ya sehemu inayopinda, moja ndani ya bodi, moja ndani ya mlango. Choma risasi, vika mpira wa kujikaza. Fanya waya mmoja mmoja, usikate zote kwa pamoja ukasahau ipi ya nani. Toa ncha ya betri kwanza.

Ukitaka kuhakikisha kabla hujakata: toa fyuzi ya TAIL, weka mahali pake globu ya wati 21 uliyoiunga waya mbili, washa taa. Itawaka, ila si kwa nguvu zote, huo ni mzigo wa kawaida. Inua mlango. Ikiruka ikawaka kwa nguvu zote, shoti iko pale. Chezesha waya kwa mkono, itawaka na kufifia, utajua ni upi. Kwa njia hii huchomi fyuzi hata moja.

Kijana wa Ilala

Mzee, samahani kwa lile la IST. Naomba kuuliza hapa hapa, taa kubwa zangu za mbele ni dhaifu, nimeweka globu za wati 100 lakini wapi.

Rewaya Mstaafu

Zitoe leo. Globu ya kawaida ya taa kubwa, H4, ni wati 60/55, moja inavuta kama ampea 5. Ya 100 inavuta zaidi ya 8, mbili ni 16 na ushee, kwenye waya na swichi zilizotengenezwa kwa ajili ya 10. Volti zinapotea njiani, plagi inaanza kulainika kama mshumaa. Pima kwenye plagi ya taa ikiwaka: betri ikiwa 13.8 na taa inapata 11.5, mwanga umeshapungua karibu nusu, kwa kuwa mwanga hushuka haraka kuliko volti. Weka rilei, swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi yako, na waya nene kutoka betri, na globu zile zile za 60/55. Utadhani umebadilisha gari.

Mwalimu wa Soni

Nimerudi, Jumapili jioni, mikono ina grisi mpaka kwenye daftari za wanafunzi.

Multimita ya maabara ilinionyesha 5.6 kwenye holda ya kushoto. Kulia 0.1. Nikafungua ubao wa ndani upande wa kushoto, nikafuata waya mweupe wenye mstari mweusi. Bolti nimeikuta, spana namba 10, na imepigwa rangi. Siyo kidogo, waya, jicho la waya, bolti na bodi, vyote rangi moja ya fedha kama sanamu. Aliyepiga rangi hakufungua kitu, alipuliza tu. Kwa chini kuna kutu ya kijani, hiyo nadhani ni zawadi ya Tanga. Msasa dakika kumi, nikafunga, nikapima: 0.1. Mke wangu alikuwa nje, nikamsikia anasema "eh!" kabla sijamuuliza.

Mlango wa nyuma. Waya saba ndani ya mpira. Mbili zilikuwa zimevuliwa kabisa, na wa tatu, nadhani wa wipa, ulikuwa umekatika wote. Sikuwahi kujua kwamba hiyo wipa ilipaswa kufanya kazi, shemeji aliniambia ni pambo. Jaribio la globu mahali pa fyuzi nililifanya usiku, nikaita watoto waone: mlango chini, globu inamulika kiasi, mlango juu, mwanga mkali wa ghafula. Nimeunga kama ulivyosema, mmoja mmoja. Wa kwanza ulinichukua saa nzima, wa saba dakika sita.

Gharama: globu mbili za doto mbili 4,000, waya mita mbili 3,000, mpira wa kujikaza 2,000, holda ya kulia nimeipata kwenye gari bovu kwa 5,000. Fundi nimemweleza. Kasema na yeye alikuwa anaelekea huko huko kwenye ethi.

Alfajiri ya kesho tunashuka na karoti, nitajua fyuzi imekubali au imenidanganya.

Bondeni DX

Kazi nzuri, mwalimu. Na taa ya rivasi?

Mwalimu wa Soni

Haijawahi kuwaka tangu ninunue gari.

Rewaya Mstaafu

Swichi yake iko kwenye giaboksi. Fungua uzi mwingine, mwalimu, na safari hii kwanza nitajie umeshalazimisha nini kwa koleo.